Waambieni Watoto Kazi Zenu, na Hesabu Zake

Hotuba ya mzazi mbele ya wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, walimu na wazazi, Ilemela, Mwanza

Mkuu wa shule, walimu wetu, wazazi wenzangu, nawasalimu kwa heshima. Wazee mliokaa mbele, shikamooni. Na ninyi wanangu, marahaba, nimewasikia vizuri.

Nimeombwa nieleze kazi ninayoifanya. Mimi nanunua dagaa wabichi visiwani, nawaanika, nawapakia kwenye magunia, nawaleta kwenye soko la Mwaloni, Kirumba, na kuwauza kwa jumla. Kazi hiyo ndiyo iliyonilisha, ndiyo iliyosomesha wanangu, na nyumba ninayolala imetokana nayo. Nitaieleza mpaka ndani, pamoja na pesa yake. Ila kabla ya hapo nina neno na wazazi wenzangu, maana wao ndio walionifanya nikubali mwaliko huu.

Wazazi, watoto wetu hawajui tunafanya nini. Mwalimu mmoja wa hapa aliniambia kwamba kwenye fomu za kidato cha kwanza, penye nafasi ya kazi ya mzazi, majibu karibu yote ni mawili: mkulima na mfanyabiashara. Ndani ya majibu hayo mawili wamo mafundi wa injini za boti, washona nyavu, wasusi, makuli wa sokoni, mama lishe, wachoma chipsi, madalali wa viwanja, wauza mitumba, wapiga matofali na saidia fundi. Mtoto anaandika mfanyabiashara kwa sababu hajawahi kuambiwa zaidi ya hapo. Anamwona baba anatoka alfajiri na kurudi usiku. Anaona pesa ya sare imepatikana au haijapatikana. Yaliyotokea kati ya alfajiri na usiku hayajui.

Mnakumbuka sensa ya tarehe 23 Agosti 2022. Karani alipofika kwetu nilikuwa nimekaa barazani kwa jirani, nikasikia mahojiano yote. Baba mwenye nyumba aliulizwa mke wake anafanya shughuli gani, akajibu kwamba yeye ni mama wa nyumbani tu, hana kazi. Mama huyo namfahamu. Alikuwa anaanika dagaa wa watu kwa ujira, anaamka saa kumi usiku, na miezi mingine pesa yake ndiyo iliyokuwa inanunua unga wa nyumba ile. Yule baba si mtu mbaya, na wala hakukusudia kumdhalilisha mkewe. Kwa mawazo yake, kazi ni ile yenye ofisi au yenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Watoto wao watatu walikuwa wamesimama mlangoni wanasikiliza, na huenda bado wanaamini hivyo hadi leo.

Najua kwa nini tunaficha. Wapo wanaoona haya, kwa sababu kazi yao inanuka au inachafua nguo. Wapo wanaoogopa kodi na ushuru. Wapo wanaoogopa jicho la watu, kwamba ukitaja unachopata utaombwa mkopo na ukoo mzima. Na wapo wanaosema biashara ni siri, ukimfundisha mtu leo kesho atakaa jirani yako na kukuchukulia wateja. Hofu hizo zote nimezisikia, na baadhi yake zina msingi. Hiyo ya mwisho naikataa kabisa. Pale Kirumba wanunuzi wanatoka Rwanda, Burundi na Congo, achilia mbali Dar es Salaam, Dodoma na Tabora. Vijana kumi wa shule hii wakijua kuanika dagaa vizuri, mimi sipungukiwi kitu. Anayenipunguzia ni yule asiyejua. Anamwaga dagaa mchangani, anawapakia hawajakauka, mnunuzi anafika kwao anafungua gunia anakuta ukungu na kokoto, na safari ijayo anatupunguzia bei sote, wasafi na wachafu. Ujinga wa mwenzako sokoni unaulipia wewe.

Basi wanangu, sikilizeni kazi yenyewe.

Ziwa letu lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania. Mkiongea habari za samaki mnawataja sangara na sato. Sangara alipandikizwa humu miaka ya 1950 na 1960, akaleta viwanda vya minofu, na sasa mabondo yake, yaani vile vifuko vya hewa vya tumboni, yanasakwa kwa bei inayoshangaza. Lakini kwa uzito, samaki anayevuliwa kwa wingi kuliko wote ziwani ni dagaa. Huyu ni wa asili ya ziwa hili, anazaliana haraka, na ndiye anayeliwa na mtu wa kawaida kuanzia Bunda mpaka Lubumbashi. Asiyeliwa na watu anakwenda kwenye chakula cha kuku.

Dagaa anavuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi ni taa za betri na sola. Taa inawashwa juu ya maji, dagaa wanakusanyika kwenye mwanga, halafu nyavu inazungushwa. Kwa hiyo kalenda yetu inafuata mwezi wa angani. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu, dagaa wanatawanyika; wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu na kuziba mitumbwi. Mwezi ukififia ndipo giza linaanza, na sisi tunasema giza hili limelipa au halikulipa. Mtoto wa mfanyabiashara wa dagaa akiona mama ana pesa wiki hii na wiki mbili zijazo hana, asidhani mama ni mfujaji. Ni mwezi umejaa.

Mitumbwi inarudi ufukoni alfajiri. Hapo sisi wanunuzi tumeshasimama na ndoo. Dagaa mbichi anapimwa kwa ndoo, na bei inapangwa palepale kulingana na waliopatikana usiku huo. Mitumbwi kumi ikirudi imejaa, bei inashuka ghafla. Ikirudi miwili, mtagombania. Kuhusu malipo ya wavuvi, sehemu nyingi wanatoa kwanza gharama za mafuta na chakula, kisha kinachobaki kinagawanywa kati ya tajiri mwenye chombo na wavuvi wake. Mgawo wenyewe unatofautiana kati ya kisiwa na kisiwa, na hata kati ya tajiri na tajiri. Kijana anayetaka kwenda kuvua aulize mgawo huo kabla hajapanda mtumbwi, na aulize mbele ya mtu wa tatu.

Baada ya kununua, kazi ni kukimbizana na jua. Dagaa hasubiri. Akikaa kwenye ndoo mpaka saa sita mchana tumbo linapasuka na rangi inapotea. Wengi bado wanaanika mchangani kwa sababu mchanga ni wa bure. Mimi naanika kwenye chanja, yaani miti iliyosimamishwa na kutandazwa nyavu juu yake. Upepo unapita juu na chini, dagaa wanakauka haraka, hawaokoti mchanga, na kuku na mbwa hawawafikii. Unawatandaza wembamba, unawageuza, unaangalia wingu. Jua likiwa kali, siku hiyohiyo wanaweza kuwa tayari.

Hapa nimekuja na dagaa kwenye visado viwili, nitaomba vipite mikononi mwenu, msione kinyaa. Kisado cha kwanza, angalieni rangi: bado anang'aa kama fedha, tumbo zima, ukimkunja anakatika kwa mlio mdogo. Kisado cha pili rangi imekuwa ya kahawia, ukimkunja anapinda tu, hakatiki. Huyo ana maji ndani. Sasa mimineni wote, mtazame chini ya kopo. La kwanza ni safi. La pili lina mchanga wa kujaza kijiko. Mnunuzi mzoefu hata haangalii sehemu ya juu ya gunia, kwa sababu anajua juu huwekwa wazuri. Anafungua, anazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, anaupumzisha humo kidogo. Katikati pakiwa na joto, anafunga gunia na kuondoka bila kuuliza bei, maana joto hilo ni unyevu, na unyevu ni ukungu wa wiki ijayo. Somo hilo nilifundishwa na mama mmoja mzee wa Ukerewe, bure, na limenipa pesa nyingi kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kujifunza.

Sasa tuje kwenye pesa, ambayo ndiyo watu wazima hawapendi kuitaja. Toeni daftari. Namba nitakazotumia ni za mfano ili zihesabike kirahisi. Bei za kweli zinabadilika kila giza. Ila mpangilio wake ndio huu.

Tuseme nimenunua ndoo 40 kwa shilingi 10,000 kila moja. Hiyo ni 400,000. Wabebaji kutoka mtumbwini hadi kwenye chanja, 20,000. Vibarua wa kuanika na kugeuza, 40,000. Kukodi chanja, 20,000. Magunia na kamba, 10,000. Boti ya mizigo hadi Kirumba, 30,000. Kuli wa kupakua, 10,000. Ushuru, 20,000. Nauli yangu, chakula na mahali pa kulala, 30,000. Jumlisheni. Naona mkono kule nyuma... ndiyo, 580,000. Umepata sawasawa, binti.

Dagaa mbichi akikauka anapoteza sehemu kubwa ya uzito wake. Tuseme kila ndoo imetoa kilo nne kavu, basi nina kilo 160. Nikiuza kilo kwa 4,500 napata 720,000. Toa 580,000, zinabaki 140,000. Mtu wa nje anaona mama ameshika laki saba sokoni, anasema huyu ni tajiri. Chake yeye ni laki moja na arobaini, na ndani yake umo ujira wa siku zote alizolala kisiwani. Kama safari nzima imechukua siku kumi, amejilipa 14,000 kwa siku. Si haba, na si utajiri.

Sasa leteni mvua. Mvua imenyesha siku mbili mfululizo, dagaa wote wameharibika, hawafai kwa mboga, wanauzwa kwa chakula cha kuku kwa 2,000 kilo. 160 mara 2,000 ni 320,000. Gharama zilishatoka zilezile. Hasara ni 260,000. Mvua moja imekula karibu faida ya safari mbili nzuri. Kwa hiyo mama anayefanya kazi hii akikwambia leo hakuna pesa ya safari ya shule ingawa juzi ulimwona na mabunda, amekwambia kweli. Na angekuwa amekuonyesha hesabu hii tangu ukiwa darasa la tano, msingegombana.

Tena kwenye hesabu hii ndimo somo lenu la hisabati linapofanya kazi. Mwaka 2024 serikali ilianza mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi na kazi, kwa baadhi ya shule za sekondari, na vyuo vya ufundi vya VETA tunavyo kwa sheria ya mwaka 1994. Nashukuru kwa yote hayo. Lakini hakuna mtaala unaoweza kuandika bei ya ndoo ya leo kisiwani Goziba. Hiyo anayo mzazi, na asipoisema inapotea.

Mambo mengine yamekuwa mepesi kuliko zamani. Tulikuwa tunafunga noti kiunoni ndani ya kitenge na kupanda nazo boti usiku, roho mkononi. Siku hizi natuma pesa kwa simu, mnunuzi wangu wa kisiwani anachukua kwa wakala. Mzigo wa upande wa Sengerema na Geita ulikuwa unasubiri kivuko kwa saa nyingi huku dagaa wakipata unyevu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, gari linapita tu. Kijana anayetafuta biashara aangalie mambo kama hayo: wapi njia imefupishwa, wapi subira imeondolewa. Hapo pana pesa mpya.

Mabinti, hili lifuatalo ni lenu, na wavulana msikie pia. Kwenye fukwe nyingi za ziwa hili wapo wanaume wanaomwambia mwanamke hawamuuzii samaki mpaka awe na uhusiano nao. Wenzetu wa Kenya wanaiita jaboya. Ipo huko na ipo huku. Imeharibu maisha ya wanawake wengi na imesambaza maradhi. Akina mama wengi hawawaelezi binti zao kazi hii kwa sababu wanaona aibu kulitaja hilo, na matokeo yake binti anafika ufukoni hajui anachokwenda kukutana nacho. Mimi nawaeleza. Usiende ufukoni peke yako mara ya kwanza, nenda na mwanamke anayejulikana pale. Lipa kwa pesa, upewe kwa hesabu, usikubali kukopeshwa ndoo na mtu usiyemjua vizuri, kwa sababu deni ndiyo kamba anayokufunga nayo. Kule Nduru, karibu na Kisumu, wanawake walianza mwaka 2011 kumiliki mitumbwi yao wenyewe na kuajiri wavuvi, ili samaki wawe wao na neno la mwisho liwe lao. Ziwa limewapa misukosuko tangu wakati huo, mafuriko ya 2020 yaliwaondoa kwenye makazi yao. Hata hivyo walionyesha mahali tatizo lilipo: mwenye chombo ndiye mwenye sauti. Mkija kuwa na kikundi chenu cha kuweka akiba, lifikirieni hilo mapema.

Wazazi, narudi kwenu. Sisemi kila mtu apande hapa jukwaani. Nasema kaeni na watoto wenu na mwaeleze siku yenu ilivyokwenda. Dereva wa bodaboda amwambie kijana wake tofauti ya pikipiki ya hesabu na pikipiki ya mkataba: ya hesabu unampelekea mwenye nayo pesa kila siku na pikipiki inabaki yake, ya mkataba unalipa kila siku au kila wiki kwa muda mliokubaliana, ukimaliza inakuwa yako. Vijana wanasaini mikataba hiyo bila kujumlisha, na jumla yake mara nyingi inazidi sana bei ya dukani. Baba aliyekwisha kuilipa mpaka mwisho anajua mahali inapouma. Mama lishe aeleze mkaa unakula kiasi gani cha sahani moja ya wali. Fundi ujenzi aeleze anavyokadiria saruji, na afanye nini mwenye nyumba akikimbia na malipo. Muuguzi tunamwona amevaa nguo nyeupe tunamsifu. Aeleze zamu ya usiku, na mshahara wa mwanzo, na ajira ilichukua muda gani kupatikana baada ya chuo. Watoto wanaofaulu wanachagua kozi kwa kusikia jina tu, hawajui siku ya kazi hiyo inaanzaje na inaishaje.

Semeni na hasara. Watoto wakisikia faida pekee watadhani aliyepata hasara ni mjinga, na zikiwapata watajificha. Semeni pia vibali mnavyolipia. Mnakumbuka vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya shilingi 20,000 vilivyoanza kutolewa mwishoni mwa 2018. Wapo waliovipokea kwa furaha na wapo waliovilalamikia. Yote mawili mtoto anafaa kuyasikia, ajue kwamba kufanya kazi ni pamoja na kushughulika na ofisi za serikali, risiti na foleni.

Na kwa wale ambao wazazi wenu wanafanya kazi mnazoona zinawaaibisha, nawaomba jambo moja la wiki hii. Jumamosi mfuateni mzazi au mlezi wako kazini, kutwa nzima. Si kumsaidia tu, bali kumwuliza. Umenunua kwa nani, kwa nini kwa huyu na si kwa yule, umelipa nini njiani, kimebaki nini. Andika. Mwalimu wa hisabati ameniahidi ataipokea kazi hiyo na kuisahihisha, na asiye na mzazi karibu aje Mwaloni. Mimi nipo upande wa mizani kuanzia saa moja asubuhi. Vaeni viatu vilivyofunika vidole, kwa sababu makuli wakibeba gunia hawaangalii chini, na msisimame kwenye njia yao.

Swali limetoka hapa mbele, la kijana wa kidato cha nne: mtaji wa kuanzia ni kiasi gani? Nakujibu hivi. Usianze na ndoo 40. Anza na ndoo mbili au tatu, hapahapa karibu, usafiri wa boti na malazi visiwe kwenye hesabu yako. Ungana na mtu mwenye chanja, mlipe nafasi yako. Kausha mwenyewe, uza kwa sado mtaani kwenu, siyo kwa jumla. Lengo la giza la kwanza ni kujifunza mkono wako: kilo ngapi kavu zinatoka kwenye ndoo yako, maana kila anayeanika ana kiwango chake. Ukishaijua namba hiyo, njoo uniambie, tutaangalia pamoja kama unaweza kwenda kisiwani. Na matokeo yako ya kidato cha nne njoo nayo, nayo nitayaangalia.

Muda wangu umekwisha. Baba wa bodaboda yule pale, nilipotaja mkataba nilimwona anatikisa kichwa. Baba, karibu mbele, wape vijana hesabu yako.